Upepo Usio na Vishindo

Benilda alikuwa na kazi ambayo majirani zake pale Mahatao, mji mdogo wa visiwa vya Batanes, hawakujua waiite nini. Walijua kwamba aliishi Manila miaka mingi, kwenye studio ya sinema, akitengeneza milio ya viatu, milango na makofi ya wagomvi. Walijua pia kwamba alirudi kisiwani kumzika mama yake, akasema anakaa wiki mbili, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Zaidi ya hapo walichokiona ni mwanamke mzima akizunguka vilimani na vidude viwili vyeusi masikioni, mdomo kaufunga, hasalimii mtu.

Wengi walidhani anasikiliza muziki. Kumbe vile vidude havikuwa vya kusikilizia. Vilikuwa maiki, kila moja ndogo kama punje ya hindi, imekaa mlangoni mwa sikio, waya wake umepita nyuma ya shingo hadi kwenye kinasa sauti mfukoni. Zilichukua kile kile ambacho sikio lingesikia. Mbuzi akilia kushoto, rekodi inamweka kushoto. Mtu akikohoa nyuma yako, yuko nyuma yako. Ukija kuvaa hedifoni baadaye na kufumba macho, ni kama umeazimwa kichwa cha Benilda pamoja na mahali kilipokuwa kimesimama. Lakini ataeleza hayo kwa wangapi? Tena kila akifungua mdomo kueleza, rekodi imeharibika. Basi akawa ananyamaza, na watu wakasema ana maringo ya Manila.

Mwezi wa Januari alipigiwa simu na Lualhati, mtu aliyewahi kufanya naye kazi studio. Siku hizo Lualhati alikuwa akiandaa chumba cha sauti katika jumba moja la makumbusho huko Manila. Alitaka kila kisiwa cha nchi kiwe na sauti yake humo, na kutoka Batanes alitaka kitu kimoja tu.

"Nipe upepo," alimwambia. "Mtu ametoka kwenye joto na foleni, anavaa hedifoni, anajikuta juu ya kilima. Dakika kumi tu. Sitaki kingine."

Benilda alikubali kabla Lualhati hajamaliza kusema. Upepo ndicho kitu ambacho hakijawahi kuadimika pale. Ulikuwa msimu wa kaskazi, na juu kwenye malisho ya Payaman ng'ombe walikuwa wakila nyasi huku miguu wameitanua kama meza. Alipanda asubuhi, akasimama ukingoni, bahari huku na bahari kule, akarekodi dakika zake kumi, akashuka akiwa na furaha ya mtu aliyelipwa kwa kuchota maji mtoni.

Nyumbani alivaa hedifoni akasikiliza. Hapakuwa na kilima wala bahari wala ng'ombe. Palikuwa na vishindo tupu, bum, bum, brrr, bum, kama kijiji kizima kimetoka kupiga vumbi kwenye magodoro. Alituma hivyo hivyo, kwa matumaini kwamba hedifoni zake ndizo mbovu. Lualhati alimpigia siku iliyofuata.

"Benilda, nataka upepo," alisema kwa upole. "Ila huo upepo siutaki." Kisha akajisikia alivyosema, akacheka peke yake. "Umenielewa, lakini."

Alimwelewa, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Upepo wenyewe hauna sauti. Unachokisikia ni kile ambacho upepo unakigusa: nyasi, matete ya ua, kamba ya kuanikia nguo, sikio la ng'ombe. Upepo ukiigusa maiki, utaisikia maiki, na maiki ndogo namna ile hupigwa kama ngoma. Kilichotakiwa ni upepo uguse kila kitu kilimani isipokuwa matundu mawili madogo yaliyo masikioni mwa Benilda, ambaye naye yuko papo hapo kilimani.

Alianza na visponji vilivyokuja na maiki zenyewe. Vingefaa kwa upepo wa feni. Akajaribu kofia ya sufu aliyoivuta hadi kidevuni; vishindo vilipungua kweli, lakini kila kitu kikasikika kama kimefunikwa blanketi, na kila alipomeza mate kofia ilikwaruza maiki kwa kishindo cha gari linaloparuza ukuta. Akajaribu kuondoa ule mngurumo wa chini kwenye kompyuta. Mngurumo ukaondoka na kilima kikaondoka nao, ikabaki sauti nyembamba kama ya redio ya jirani. Lualhati alimshauri atafute kinga, asisimame pale ukingoni penyewe, ageuke taratibu mpaka apate pembe ambayo upepo haukati sikio. Ulikuwa ushauri mzuri. Benilda akawa anaonekana kilimani akizungusha shingo kidogo kidogo kama mtu anayetafuta chaneli kwa antena ya zamani, na waliopita na ng'ombe wao wakamhurumia.

Kilichokosekana ni manyoya. Hilo alilijua tangu studio: maiki inayotoka nje huvishwa manyoya marefu, upepo unajichosha ndani ya zile nywele, unafika kwenye maiki hauna nguvu tena. Lakini kuagiza manyoya kutoka Manila msimu huo, ndege nazo zikiahirishwa kila siku mbili, kungechukua mwezi. Na ndani ya nyumba alimokuwa akiishi, juu ya kabati, kando ya sanamu ya Mtoto Yesu, palikuwa na manyoya mazuri kuliko yote Batanes.

Nyumba ilikuwa ya shangazi yake Primitiva, dada wa baba yake, mjane mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu. Manyoya yalikuwa ya ndara alizotumiwa na binti yake aliye Kanada, ndara za kijivu, laini, zenye nywele ndefu nje na ndani. Shangazi Primitiva hakuwahi kuzivaa. Alizipangusa vumbi kila Jumamosi akazirudisha mahali pake.

Benilda alijiambia kwamba kitu kisichovaliwa hakina ndani. Akachukua mkasi mdogo wa kucha, akaingiza mkono kwenye ndara ya kulia hadi mwisho kabisa, kule vidole vinakokaa, akakata viduara viwili vya ukubwa wa sarafu. Kitambaa kilichoshika manyoya kilikuwa kizito, kwa hiyo alikaa kukichambua nyuzi moja moja kwa sindano, kila mara akikiweka mdomoni na kupuliza. Pumzi isipopita, na sauti haitapita. Ilipoanza kupita vizuri alivishona viduara vile viwe vifuko, akavivisha maiki. Masikioni vilionekana kama panya wawili waliochungulia nje wakaghairi kutoka.

Vilisaidia. Kwenye upepo wa uani, vishindo viliisha kabisa. Juu ya Payaman vilipungua nusu. Benilda alijua yuko njiani, ila hajafika.

Jumapili ile, baada ya misa, padri aliahidi kupita kunywa kahawa, na Shangazi Primitiva akaona siku ya zile ndara imefika. Alizivaa. Mguu wa kushoto ulipata joto, wa kulia ukapata baridi kwenye vidole. Hakusema neno mbele ya padri. Padri alipoondoka, aliivua ndara ya kulia, akaiweka mezani mbele ya sahani ya Benilda, ncha ikimtazama.

"Panya wa siku hizi," alisema, "wanakata duara."

Benilda aliweka kijiko chini. Hapakuwa na pa kukimbilia. Panya wenyewe alikuwa amewasahau masikioni. Akaeleza yote, ya Lualhati na upepo na vishindo na ndege zinazoahirishwa. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba aonyeshwe vile vifuko, akavigeuza kwenye kiganja, akakiri kwamba ushonaji ni mzuri. Kisha akatoa hukumu. Kesho yake palikuwa na ujima kwenye shamba lake la viazi vikuu, na Benilda, ambaye mara mbili zilizopita alikuwa na shughuli, safari hii hana shughuli.

"Na huji kichwa wazi," aliongeza. "Utavaa vakul kama watu. Sitaki kumuuguza mtu jua limempiga."

Hapo ndipo Benilda alipotaka kulia. Vakul ni vazi la kichwa la wanawake wa Batanes, la nyuzi za mkindu, linashuka kutoka utosini hadi kiunoni kama nywele za mnyama mkubwa mwenye usingizi. Jua halipiti, mvua haipiti. Bibi yake alizikwa na ya kwake. Lakini tangu watalii waanze kumiminika, vakul ilikuwa imegeuka vazi la picha. Kila anayeteremka ndege anaivaa, anatoa vidole viwili, anaivua. Benilda aliapa haitagusa kichwa chake. Kiapo chenyewe alikitoa kwa sauti, mbele ya watu, na watu hawakukisahau.

Asubuhi alifika shambani amejifunika nyuzi hadi kiunoni, wanawake wanane wakamgeukia kwa pamoja, kisha jirani yao Saturnina akauliza kama Bibi amefufuka. Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Benilda alikamata kijembe akaanza kuchimba. Maiki zilikuwa masikioni, zimevaa vifuko vyake, na kinasa kilikuwa kimewashwa, si kwa mpango wowote, ni kwa ukaidi tu. Kama atateswa, angalau mateso yawe na ushahidi.

"Benilda, mwanangu," Saturnina alisema walipofika katikati ya tuta, "huyo mchumba aliye humo masikioni, anakwambia nini siku nzima?"

"Ananiambia nichimbe."

"Basi ni mume kabisa huyo."

Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri. Walikula wali wa manjano uliofungwa kwenye majani ya mshelisheli, na samaki wa kuruka waliokaushwa. Upepo ulivuma mchana kutwa bila kupumua, ukilaza matete ya ua kama mkono unaopapasa paka, na Benilda akarudi nyumbani mgongo umekatika, hana hamu ya kusikiliza kitu.

Alikuja kusikiliza kesho yake, akinywa chai. Akaiacha chai ikapoa. Wanawake wote wanane walikuwepo, kila mmoja na mahali pake: Saturnina kulia, shangazi mbele kidogo akinung'unika na jembe, mwingine mbali chini anaimba nusu ya wimbo. Matete yalikuwepo, yanaanza kushoto na kupita hadi kulia, upepo unayakimbilia moja moja. Ndiyo, upepo. Ulikuwa kila mahali, na haukuwa ukimpiga mtu. Alirudisha nyuma akasikiliza tena kutafuta kishindo kimoja, hakukiona.

Alichokiona ni kitu kingine. Kila alipogeuza kichwa, nyuzi za mkindu zilikwaruza vifuko, krrsh, krrsh, kama panya ndani ya gunia la makapi. Vakul ilivunja upepo kisha ikaleta kelele zake yenyewe. Benilda akalitafakari hilo siku nzima. Alichukua kikapu kibovu, akakata ukingo wake, ule mduara wa mwanzi, akaushonea ndani ya vakul juu kidogo ya masikio, nyuzi zisimame mbali na mashavu kama pazia lililoondolewa ukutani. Ndani yake pakawa na kijichumba cha hewa tulivu, na katikati ya hewa hiyo kichwa chake. Akajaribu uani, akajaribu njiani, akajaribu ukingoni mwa bahari. Mkwaruzo ulibaki kidogo alipogeuka. Dawa yake ilikuwa rahisi na ngumu kwa pamoja: asigeuke.

Alhamisi alipanda Payaman saa za asubuhi kabla umande haujakauka. Alichagua mahali kwa uangalifu, chini kidogo ya ukingo, nyuma ya mstari wa matete unaofika kifuani, ambapo upepo unafika umeshachoka. Akakaa juu ya jiwe. Akageuza shingo kidogo kidogo, akapata ile pembe, akawasha kinasa, akaweka mikono mapajani, akawa hatikisiki.

Dakika za kwanza zilikuwa kama alivyoziota. Matete yalisema yao. Chini, ng'ombe alikuwa anang'oa nyasi, kila tonge linasikika likikatika. Mbali kabisa bahari ilikuwa inagonga mawe bila haraka. Benilda alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu arudi: kwamba kazi yake na kisiwa chake vimekubaliana hatimaye. Alihesabu pumzi ili zisipande.

Ndipo aliposikia watu, kulia, kwa nyuma. Viatu kwenye nyasi, vicheko, mwanamke akihema. Na juu ya sauti zote, sauti aliyoifahamu tangu utotoni, ya binamu yake Hilario, mwana wa mwisho wa Shangazi Primitiva, ambaye riziki yake ilikuwa kuwatembeza watalii na kuwaambia lolote linalomjia.

"Hivi kile ni kichaka au ni mtu?" aliuliza yule mwanamke.

"Ni mtu, dada," Hilario alisema. Hatua zake zikapungua, na katika kupungua huko Benilda alijua ametambuliwa. Ule waya mweusi uliochungulia chini ya nyuzi ukienda mfukoni, hakuna mwingine Batanes mwenye nao. "Twendeni polepole. Huyu bibi ni hazina."

Benilda angeweza kusimama. Alilifikiria hilo. Lakini upepo siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko siku zote, na alikuwa na dakika sita safi, na alijiambia kwamba wakipita haraka atakata kipande chao baadaye. Akakaa vile vile. Hawakupita haraka.

"Ana miaka mingapi?" aliuliza mwanamume mmoja.

"Hakuna anayejua. Alizaliwa kabla kalenda haijafika huku."

"Mbona hatikisiki?"

"Ni kiapo, kaka. Kimbunga kilimwezulia nyumba, akaja kukaa hapa. Alisema hataongea na mtu mpaka upepo umwombe radhi."

Matete yakapita kutoka kushoto kwenda kulia.

"Na upepo umeshamwomba?" mwanamke aliuliza, kwa sauti ya chini sana.

"Bado," Hilario alisema. "Mnausikia wenyewe. Unazungukazunguka tu."

Tumbo la Benilda lilianza kucheka bila ruhusa yake. Akaubana mdomo, akaukaza mgongo, akaanza kumfikiria padri, jino lililong'olewa, kitu chochote cha kuhuzunisha, maana nyuzi zikitikisika tu kazi imekwisha. Hatua zikakaribia. Mtu akainama karibu na sikio lake la kushoto, karibu mno, akanong'ona, "Bibi, Mungu akutunze," na pakiti ya biskuti ikatua mapajani mwake kwa upole. Kisha nyuma ya bega la kulia, yule mwanamume, kwa wasiwasi wa kweli:

"Yuko hai kweli huyu?"

"Pumzi ipo," Hilario alisema. "Ila anaitumia kwa akiba."

Wakaenda zao. Sauti zao ziliteremka kilima zikiliwa na upepo kipande kipande, neno likifika, neno lisifike, mpaka ikabaki kicheko kimoja cha mbali, kisha hakuna. Benilda akabaki amekaa, machozi ya kicheko yanamtiririka ndani ya vakul. Alikuwa karibu kunyanyua mkono azime kinasa pale upepo ulipobadilika. Ng'ombe aliacha kula. Kutoka kaskazini, juu ya nyasi, ilianza kuja sauti kama ya mchele unaomwagwa kwenye ungo, mbali, kisha si mbali, ikapanda mteremko hatua kwa hatua, ikayafikia matete, ikamfikia na yeye. Mvua. Aliacha imnyeshee kichwani dakika nzima, nyuzi za mkindu zikiipokea kwa mlio laini wa vidole juu ya meza, ndipo akazima.

Nyumbani alimkuta Hilario jikoni, anakula, na alipomwona binamu yake akiingia amelowana, pakiti ya biskuti mkononi, alilazimika kuweka sahani chini asije akapaliwa. Benilda alimwambia aliyostahili kuambiwa. Hilario aliomba msamaha kwa moyo wote na kuomba biskuti moja. Shangazi Primitiva alisimuliwa kisa kizima na pande zote mbili, lakini alipopewa hedifoni asikilize mwenyewe alizisukuma kando.

"Huo upepo mimi nausikia bure," alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

Benilda alikata zile dakika sita za mwanzo, safi, hazina mtu, akazituma Manila. Ila kabla ya kutuma alisikiliza rekodi nzima mara moja, peke yake, na kuna jambo lilimsumbua. Zile dakika sita zilikuwa nzuri, lakini upepo wake haukuwa na ukubwa. Ni pale watu walipokuja, na maneno yao yakaanza kupasuliwa na kupeperushwa, ndipo msikilizaji alipojua kilima kina upana gani na mtu alivyo mdogo juu yake. Akasita. Mwisho akatuma na ile ndefu, akaandika chini yake kwamba hiyo ni ya kumchekesha tu.

Lualhati alipiga simu kabla ya chakula cha mchana.

"Nimegeuka," alisema.

"Umegeuka nini?"

"Yule bwana aliposema yuko hai kweli. Niligeuka nikaangalia nyuma ya kiti changu. Nikampa mlinzi wetu asikilize, na yeye akageuka, tena akajibu. Akasema, yuko hai bwana, mwacheni." Alikuwa anacheka, lakini alikuwa pia anasema kweli. "Hakuna kishindo hata kimoja, Benilda. Umefanyaje?"

Alimwambia: ndara, mkindu, ukingo wa kikapu, jiwe la kukalia. Lualhati akasema hiyo ndefu ndiyo anayoitaka, yote, pamoja na biskuti.

Ikabaki ruhusa. Yule mwanamke mtalii, ambaye Hilario alikuwa na namba yake, alisikitika sana kwa dakika moja kusikia kwamba bibi hakuwa bibi, kisha akataka kujua ni lini wanafungua aje na mama yake. Mwanamume aliomba jina lake lisitajwe, akakubaliwa. Hilario ndiye aliyekuwa mgumu. Alisema sauti yake ni mali, akajifanya kufikiri siku mbili, halafu akataja sharti lake: mama yake apelekwe kwenye ufunguzi. Shangazi Primitiva hakuwa amepanda ndege maisha yake yote, na Hilario alikuwa amemwahidi tangu aanze kuongoza watalii, na kila mwaka paa lilihitaji kuezekwa, akiba ikaishia huko.

Walikwenda mwezi wa Machi, wao wawili, shangazi na Benilda. Shangazi alivumilia ndege kwa kufumba macho kuanzia uwanja wa Basco hadi Manila. Mji hakuuvumilia. Waliofikia kwao, rafiki wa Benilda na mumewe, walikuwa watu wema wenye feni tatu, lakini hewa ilikaa tu, hata zikizungushwa zote. Alilala vibaya, akala kidogo, akauliza mara nyingi kama nguo zilizoanikwa pale roshani huwa zinakauka kweli au zinaozea kwenye kamba. Siku ya tatu, walipomchukua kwenda kwenye ufunguzi, alikuwa na uso wa mtu anayehesabu saa za kurudi.

Chumba cha sauti kilikuwa kidogo, chenye mwanga hafifu na viti vya mviringo, kila kiti na hedifoni zake. Palikuwa na watu kama kumi, wamevaa vizuri. Benilda alimkalisha shangazi, akamvisha, akarudi nyuma kusimama na Lualhati ukutani. Alikuwa ameshaona watu wa zamu ya kwanza wakigeuka wote kwa pamoja, wakaangaliana, wakacheka, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Sasa alikuwa akimwangalia mtu mmoja tu.

Shangazi Primitiva alikaa ameinamisha kichwa kidogo. Dakika ya kwanza hakufanya kitu. Ya pili mabega yalishuka. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda taratibu, ukashika kitambaa chake kichwani, ukakibana pale pale, kama mtu anayeogopa kisije kikapeperushwa. Chumba kilikuwa kimefungwa, hakuna hata unywele uliosogea. Ukabaki hapo, ule mkono.

Rekodi ilipofika kwenye sauti ya mwanawe alicheka bila sauti, akapiga hewa kwa kofi dogo upande wa bega la kulia. Watu wengine waligeuka yule mwanamume alipouliza, yeye hakugeuka. Ila kidogo baadaye aliinua uso, macho kayafumba, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia anavyosema:

"Mvua inakuja."

Msichana aliyekuwa karibu naye alivua hedifoni upande mmoja, akatazama dari, kisha akatazama mlango. Nje palikuwa pakavu na jua kali la Manila. Akarudisha hedifoni sikioni, na baada ya muda mfupi Benilda akamwona naye akitabasamu na kujikunyata.

Zamu ilipokwisha watu wakasimama, wengine wakaingia. Lualhati alikwenda kumshika shangazi mkono ili amwinue. Shangazi alimtazama juu chini, kwa adabu, akamuuliza kama yeye ndiye mwenye chumba. Lualhati akasema ndiye.

"Basi waambie hao wasubiri kidogo," alisema, akazirekebisha hedifoni vizuri masikioni. "Mimi bado niko nyumbani."